Taya la kooni: Mfupa mdogo unaoamua samaki ale nini na mvuvi apate nini

MAMA LISHE anayechemsha supu ya vichwa vya samaki mahali popote katika pwani ya Afrika Mashariki anaujua mfupa huu. Mteja akishamaliza kunyonya kichwa cha pono, hubaki na vipande vya mfupa vizito kutoka kooni, vyenye meno madogo yaliyopangwa safu safu, vigumu kama jiwe la kusagia. Wengi huvitupa chini ya meza vikawa mali ya paka, na habari huishia hapo.

Nchini Marekani yuko mwanabiolojia ambaye kwa zaidi ya miaka 30 hakuviacha viishie kwa paka. Profesa Peter Wainwright, aliyepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1988 na kisha kufanya kazi kwa muda mrefu katika Chuo Kikuu cha California, Davis, amejenga jina lake juu ya swali ambalo mvuvi yeyote angeweza kuliuliza: kwa nini samaki huyu anakula konokono na yule jirani yake, waliokua katika mwamba mmoja, hawagusi?

Kwa haraka mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wasomi, hayamhusu mwenye dema, mwenye bwawa la sato wala mchuuzi wa dagaa. Lakini utafiti huo, ulioanzia kwenye miamba ya matumbawe, uliishia kueleza jambo lililobadilisha biashara ya samaki katika Ziwa Victoria, na bado unagusa mfuko wa mfugaji wa samaki hadi leo.

Mashine mbili katika kichwa kimoja

Karibu samaki wote wenye mifupa wana mataya mawili. Taya la kwanza ni lile la mdomoni, ambalo kazi yake ni kukamata. La pili liko nyuma, kooni, karibu na matamvua, na kazi yake ni kushughulikia kilichokamatwa: kukiponda, kukisaga au kukisukuma kuelekea tumboni. Binadamu hutumia meno yale yale kung'ata muwa na kuutafuna. Samaki amegawa kazi hizo mbili kwa mafundi wawili.

Katika jamii ya pono na ndugu zao wa rangi rangi wanaoishi miambani, ambayo wataalamu huiita Labridae na ina aina zaidi ya 600, taya la kooni limeboreshwa. Mifupa ya chini, ya kushoto na ya kulia, imeungana ikawa kipande kimoja, na misuli imetoka kwenye fuvu ikalishika taya hilo moja kwa moja kama kamba za bembea. Matokeo yake ni nguvu kubwa ya kuponda. Furu, sato na perege nao wana mtambo wa namna hiyo hiyo, ingawa utafiti ambao Wainwright na wenzake waliutoa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hawakuurithi kutoka kwa babu mmoja na pono. Ulijitokeza zaidi ya mara moja katika koo tofauti za samaki.

Katika utafiti wake wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 1987 na 1988, Wainwright aliwafuata samaki wa jamii hiyo katika Bahari ya Karibi. Hakutosheka na kupasua matumbo na kuorodhesha kilichomo, kazi ambayo ilikuwa imefanywa na wengi kabla yake. Alipima ukubwa wa misuli ya kooni, akapima nguvu inayohitajika kuvunja makombe ya konokono wa aina na ukubwa mbalimbali, halafu akalinganisha na kile ambacho samaki walikuwa wakila.

Jibu lilikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. Samaki mdogo hali konokono kwa sababu hana nguvu ya kuwavunja. Anapokua, misuli inanenepa, na hapo ndipo konokono wanapoanza kuonekana tumboni mwake. Aina yenye taya dhaifu hubaki na vyakula laini maisha yake yote, hata kama konokono wamejaa mbele ya macho yake. Kwa lugha ya uchumi, chakula kipo sokoni lakini mnunuzi hana mtaji.

Mambo yanayoonekana kwa kamera tu

Sehemu kubwa ya kazi hii isingewezekana kwa macho matupu. Samaki anapokula hufungua na kufunga mdomo kwa muda mfupi mno, hivyo watafiti hutumia kamera zinazopiga mamia ya picha kwa sekunde, kisha huzitazama pole pole, moja baada ya nyingine.

Kwa njia hiyo, mwaka 1989 Wainwright na mwenzake Mark Westneat walieleza habari za samaki aitwaye kitaalamu Epibulus insidiator, anayepatikana pia katika maji ya Bahari ya Hindi. Huyu hurusha mdomo wake mbele kama mtu anayechomoa droo ya meza, kwa umbali unaofikia asilimia 65 ya urefu wa kichwa chake. Ndani yake kuna vipande vya mfupa vilivyounganishwa kwa bawaba, kimoja kikisukuma kingine, kwa mtindo ambao fundi magari angeulinganisha na vyuma vinavyoendesha wipa za kioo cha mbele.

Mkunga naye ana kisa chake. Wavuvi wa pwani humwogopa kwa meno yake, na wana haki. Mwaka 2007, Rita Mehta na Wainwright waliandika katika jarida la Nature kwamba taya la pili la mkunga halikai kooni likingoja. Anapong'ata samaki kwa meno ya mbele, taya la nyuma huchomoka, hupita hadi mdomoni, hushika windo na kulivuta ndani. Samaki wengi humeza kwa kufyonza maji pamoja na windo, lakini mkunga, aliye mwembamba na anayekaa mapangoni, hana nafasi ya kutanua kichwa ili afyonze. Taya linalotembea limekuwa badala yake.

Mapezi nayo yalipimwa. Samaki wa jamii ya pono hupiga mbizi kwa kutumia mapezi ya ubavuni, kama ndege anavyotumia mabawa. Wainwright, Westneat na David Bellwood, mtafiti wa Australia, walilinganisha mapezi ya aina 143. Wenye mapezi marefu yaliyochongoka huogelea kwa kasi zaidi, na ndio wanaotawala ukingo wa mwamba unaopigwa na mawimbi. Wenye mapezi ya duara, kama kafi, hukaa kwenye maji yaliyotulia. Mvuvi mzoefu anajua samaki gani wako nje ya mwamba na gani wako ndani. Sababu yake, kumbe, inaweza kusomwa kwenye umbo la pezi hata samaki akiwa tayari yuko mezani.

Furu, sangara na hasara ya ufundi

Hadi hapo mtambo wa kooni unaonekana kuwa faida tupu, na kwa miaka mingi ndivyo wanasayansi walivyouchukulia. Mwaka 1973 Karel Liem, aliyekuwa bingwa wa masuala hayo katika Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kuwa ubunifu huo ndio uliowawezesha furu na jamaa zao kugawanyika katika aina nyingi kiasi kile. Taya la mbele likishaachiwa kazi ya kukamata tu, linaweza kubadilika litakavyo: huyu akakwangua mwani, yule akanyofoa magamba ya wenzake, mwingine akachimba matope.

Ziwa Victoria lilikuwa ushahidi mkubwa. Lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 inakadiriwa kuwa furu walikuwa asilimia 80 ya uzito wa samaki wa maji ya chini ziwani humo. Walikuwa wengi hata katika miaka hiyo ya 1970 Mwanza ikajengewa kiwanda cha kuwasaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo.

Kisha likaja suala la sangara. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda, halafu katika miaka ya 1980 akalipuka. Kilichofuata kila mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa anakijua: viwanda vya minofu, soko la Ulaya, mapanki mitaani na baadaye mabondo yanayouzwa kwa bei inayomshangaza hata anayeyauza. Upande wa pili wa hesabu ni furu. Aina zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea, na pamoja nazo kitoweo cha watu wa kipato cha chini ambacho hakikuhitaji barafu wala kiwanda.

Maelezo ya kawaida ni kwamba sangara aliwala furu. Ni kweli, lakini hayatoshi. Waliopotea kwa kiwango kikubwa zaidi ni wale furu waliokuwa wenyewe wakila samaki, na mla samaki angetarajiwa kuwa mwepesi na mjanja kuliko mla mwani. Mwaka 2015, Matthew McGee akiwa na Wainwright, Ole Seehausen na wenzao walitoa katika jarida la Science jibu lililotoka moja kwa moja kwenye taya la kooni.

Mifupa iliyoungana huponda vizuri, lakini haitanuki. Furu mla samaki anapokamata windo kubwa, koo lake halifunguki vya kutosha, hivyo hulazimika kulitafuna na kulisukuma pole pole. Sangara hana muungano huo. Mifupa yake ya kushoto na kulia hutengana, koo hufunguka na windo hupita. Katika majaribio, kazi ambayo sangara aliimaliza kwa dakika, furu aliweza kuhitaji saa nzima au zaidi. Wakati huo wote hawezi kuwinda tena.

Kabla sangara hajaingia, udhaifu huo haukumdhuru furu, kwa kuwa washindani wake wakubwa walikuwa furu wenzake wenye koo lile lile. Wote walikuwa na mashine moja. Alipoingia mwenye mashine ya haraka, wale wa zamani walikabwa pande mbili: waliliwa, na wakati huo huo walinyang'anywa chakula. Mwenye mashine ya kukoboa ya kizamani anayeona kinu cha kisasa kikifunguliwa ng'ambo ya barabara hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Si haki, hata hivyo, kumtwisha sangara mzigo wote. Mbolea na udongo vinavyosombwa kutoka mashambani, majitaka ya miji na maji yaliyopungukiwa hewa ya oksijeni vilichangia, na nyavu zenye matundu madogo hazikuwa zimelala. Baadhi ya furu wamerejea tangu sangara walipoanza kuvuliwa kwa wingi. Dagaa ndio walionufaika zaidi na mvurugo ule, na leo kwa uzito ndio wanaoongoza katika mavuno ya ziwa. Wale wala samaki wakubwa wa zamani ndio ambao wengi wao hawajaonekana tena.

Konokono, kichocho na bwawa la mfugaji

Kwa mkulima wa mpunga au mwenye bwawa, taya la kooni lina sura nyingine. Ugonjwa wa kichocho huhitaji konokono wa majini ili uendelee, na wako furu wenye mtambo mzito wa kuwaponda. Katika Ziwa Malawi, watafiti waliandika mwaka 1997 kuwa kupungua kwa samaki wala konokono kutokana na uvuvi wa kupita kiasi kulihusiana na kuongezeka kwa kichocho katika fukwe zake. Wazo la kuwapandikiza samaki hao kwenye mabwawa likaonekana ni dawa ya bei nafuu.

Tatizo lilikwishaonekana mapema. Mwaka 1965 Humphry Greenwood, bingwa wa samaki wa Ziwa Victoria, alionyesha kuwa furu aitwaye Astatoreochromis alluaudi, ambaye porini huponda konokono, akilelewa kwa chakula laini hukua na taya jembamba na misuli midogo. Wainwright na wenzake walikuta jambo linalofanana na hilo mwaka 1992 kwa samaki wa maji baridi huko Michigan, Marekani: katika ziwa lenye konokono wachache, samaki wa aina ile ile walikuwa na misuli ya kupondea iliyo midogo. Kwa hiyo mtu anayepandikiza mla konokono kwenye bwawa na kumwagia pumba kila asubuhi amenunua fundi, kisha akamnyang'anya nyundo.

Kwa sato, habari ni nzuri zaidi. Taya lake la kooni husaga mimea, na tumbo lake lina tindikali kali inayopasua chembe za mwani. Ndiyo maana maji ya bwawa yaliyowekwa samadi kwa kiasi mpaka yakawa ya kijani ni chakula tosha kwa sehemu ya mahitaji yake. Kwa kuwa chakula ndicho kinachokula fedha nyingi za mfugaji, mwenye sato anayetegemea chakula cha kununua peke yake anailipia kazi ambayo koo la samaki wake lingeifanya bure.

Kambale hana mtambo wa sato. Ana mdomo mpana na humeza windo zima, sababu inayowafanya wafugaji wamtumie kupunguza vifaranga vya sato vinavyozaana bila mpango na kudumaza bwawa. Ukubwa hapa ndio kila kitu. Kikomo cha kambale ni upana wa mdomo wake, na mfugaji anayemwingiza akiwa mkubwa kuliko sato wake atashangaa kuvuna kambale peke yao.

Kikande na mlango wa dema

Turudi pwani. Miongoni mwa samaki waliopimwa na Wainwright, akishirikiana na Ralph Turingan mwaka 1993, ni kikande wa Karibi, mwenye mdomo mdogo na meno ya patasi yanayovunja makombe magumu. Katika pwani ya Kenya, Tim McClanahan, ambaye amefanya utafiti huko kwa miongo kadhaa, ameonyesha umuhimu wa jamaa yake: kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, Balistapus undulatus, ndiye mlaji mkubwa wa wale viumbe wa miba wanaomchoma mtu mguuni akikanyaga mwambani. Kikande akivuliwa mpaka akaisha, wenye miba hao huongezeka, hukwangua matumbawe na kugombea mwani na tasi na pono. Mvuvi hukuta mwamba umejaa miba na dema halina kitu.

Pono naye hula mwamba, lakini kwa hesabu nyingine. Bellwood na wenzake walikadiria mwaka 2003 kuwa pono mkubwa mwenye nundu kichwani, katika miamba ya Australia, humeza zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka. Taya la kooni huusaga na hutoka ukiwa mchanga. Katika kisiwa cha Vakkaru huko Maldives, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kuwa pono ndio waliotoa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa na mwamba wake. Wenye hoteli za ufukweni, ambao watalii wao hulipia mchanga mweupe, wana deni kwa mfupa ule unaotupiwa paka.

Je, umbo la samaki linaweza kumsaidia mvuvi mdogo moja kwa moja? Jaribio lililofanyika kwenye maji ya ndani ya mwamba nchini Kenya, ambalo Emmanuel Mbaru na McClanahan walilichapisha mwaka 2013, linasema ndiyo. Madema ya kawaida yaliachiwa mwanya mwembamba wa wima. Samaki wachanga, pamoja na wale wenye mwili uliobanwa kama sahani ambao sokoni hawana bei, walipenya na kutoka. Waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha wenye madema hakikushuka, kiliongezeka.

Mwanya huo hauhitaji injini, mkopo wala kibali cha kuingiza kitu kutoka nje. Fundi wa dema huuacha wakati anasuka, kwa kutumia fito zile zile. Kigumu ni wiki za mwanzo, pale ambapo mwenye dema lenye mwanya anaporudi na samaki wachache kuliko jirani yake ambaye dema lake halina, na wote wawili wanakwenda kuuza kwa mchuuzi mmoja. Katika vijiji ambako mchuuzi hupanga bei kwa fungu badala ya kilo, mwenye samaki wakubwa hana anacholipwa zaidi. Huko mizani inatakiwa ifike kabla ya mwanya.